Trauti kwa Uzi wa Sweta

Mwenda havui trauti, samaki wa maji baridi, kwa chambo kinacholiwa. Hiyo ndiyo sheria aliyolelewa nayo Meru, kwenye mito ya Mlima Kenya, ambako baba yake alikuwa mlinzi wa mto: ndoano, manyoya na uzi, basi.

Januari iliyopita alikuwa Guangzhou akitafuta wa kumfumia sweta themanini za shule moja ya kwao. Kila karakana ya Kangle, mtaa wa washonaji, ilimjibu "meiyou", hakuna, kwa kuwa themanini ni chache mno. Laoban Liang peke yake, yaani bosi Liang, mwenye karakana mpenda uvuvi, hakumfukuza. Alimchukua yeye na Abass, mfanyabiashara wa Zanzibar anayejua Kichina, mpaka kwenye bwawa lake la trauti milimani, kaskazini mwa jiji.

"Unasema unavua kwa manyoya," Liang alisema. "Nitolee mmoja kabla ya saa sita. Mwenye subira ya trauti nitamfanyia kazi ndogo. Ukishindwa, usinisumbue tena."

Mwenda akaenda pale kijito kinapoingia bwawani. Trauti wa kijito hupenda maji baridi yanayokimbia, na husimama akitazama yanakotoka. Kwa hiyo mvuvi humwendea kwa nyuma, ameinama, kivuli chake kisimtangulie. Aliwaona watano kando ya jiwe, mapezi yao yana ukingo mweupe. Akarusha nzi wake wa bandia, ndoano iliyofungwa manyoya, mbele yao, akamwacha ashuke na maji. Hawakusogea. Kwa saa mbili nzima, nzi watatu, hakuna kitu.

"Kaka, tia mnyoo," Abass alinong'ona, akimfungulia kopo. "Mzee yuko kule anakunywa chai."

"Baba alimshtaki mjomba wangu kwa mnyoo mwembamba kuliko huo."

"Na samaki, mjomba alimla?"

"Alimla."

"Basi mjomba alikuwa na akili."

Mwenda alicheka, lakini kopo hakuligusa. Namsifu kwa hilo. Wengi wetu huziacha sheria zetu uwanja wa ndege tunapoondoka nyumbani, kisha tunashangaa kwamba hatuaminiki.

Saa tano na nusu mfanyakazi wa bwawa alimwaga chakula, na trauti wakainuka kudaka punje za kahawia. Mwenda akajitazama kifuani. Kwa sababu ya baridi alikuwa amevaa sampuli ya sweta, ile pekee aliyotoka nayo Meru. Ilikuwa ya kahawia. Akakata uzi kwenye mkono wa kushoto, akauvuta, akauzungusha kwenye ndoano tupu mpaka ukawa punje. Akarusha. Punje ilishuka hatua mbili, mshipi ukasita, naye akainua ufito taratibu.

Samaki alikimbia mara tatu kabla ya kukubali: mgongo wa michirizi, madoa mekundu yaliyozungushiwa buluu. Liang alikuja na kikombe mkononi, akamfungua mdomo, akakuta sufu. Kisha akautazama mkono wa sweta unaoning'inia.

"Themanini," akasema. "Jumatatu naanza. Rangi hii?"

"Hiyo hiyo, Laoban."

Mwenda aliharibu sampuli yake pekee. Mkono wa kushoto ulifumuka mpaka kwenye kiwiko, na Liang akachukua vipimo kwenye wa kulia.