Kiolezo cha Kumbukumbu

Dada yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Bi Pindo, maana hata suruali ya kupunguzwa inchi moja ataifumua yote akiona pindo limekwenda upande. Ameshona hivyo miaka ishirini na tisa. Kila nguo akiimaliza, hubandika kipande cha kitambaa chake kwenye daftari, akaandika mwaka na jina la mwenyewe. Madaftari hayo anayaita kumbukumbu. Yaguse uone, atakutoa roho.

Juzijuzi chuo cha uuguzi kilitafuta fundi wa majoho mia mbili ya mahafali. Msajili akamwambia, "Mama, sifa zako tumezisikia, ila wakubwa wanataka kuona tovuti yako. Mwisho Jumatano." Kazi ile dada aliitaka kufa na kupona. Alishachoka kupunguza suruali za watu.

Nikamtafutia vifaa viwili vya kutengenezea tovuti. Cha kwanza unaanza na ukurasa mtupu, unapanga picha na maandishi utakavyo, lakini kinataka kompyuta na subira. Cha pili ni cha kwenye simu: unachagua kiolezo, unajaza nafasi, ukurasa tayari. Nikamwambia achukue cha kwanza, nitakuja tukae pamoja.

"Subira yangu yote iko kwenye cherehani, mdogo wangu," akanijibu. "Hiki cha pili angalau kinaongea Kiswahili."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwacha.

Jumanne akaniambia amemaliza na ameshaituma chuoni na kwa wateja wake. Alhamisi asubuhi binamu yetu akanipigia simu, analia mpaka haeleweki. "Mnamzikaje ndugu yetu kimyakimya? Sisi si watu?"

Nikaifungua ile tovuti. Salaale! Picha ya dada imezungushiwa ukingo mweusi, pembeni mshumaa unawaka, chini yake mwaka alionunua cherehani ya kwanza, "hadi" mwaka huu. Watu arobaini walikuwa wameandika apumzike kwa amani. Na mtu mwenyewe nilikuwa nimeongea naye jana yake!

Nikamkuta dukani anapiga pasi, mzima wa afya.

"Dada, ulichagua kiolezo gani?"

"Kulikuwa na cha Biashara, cha Harusi na cha Kumbukumbu. Mimi si nina kumbukumbu?"

"Kumbukumbu ya marehemu, dada! Hata huu mshumaa hukuuona?"

Akasogeza miwani. "Huu? Si uzi huu?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Alizisoma zile pole moja moja, mdomo wazi, pasi imesahauliwa juu ya shati la mtu. "Nimekufa," akasema polepole. "Na chuo wamesoma."

Akampigia msajili. Yule mama alipiga ukelele nikausikia mimi niliyesimama mlangoni. Ikabidi dada amhakikishie mara tatu kwamba si mzimu. Kisha sauti ya upande wa pili ikashuka.

"Mama, tulisikitika mno. Ila majoho tumeshampa mwenzako. Si mwenyewe uliandika kwenye tovuti, nikiwa sipo mpigieni shoga yangu? Tukampigia kumpa pole. Akashukuru, akasema mazishi yalikwenda salama."

Shoga yake ni fundi wa mlango wa pili. Wamejuana miaka kumi na tisa, wanaazimana sindano na mikasi, na asubuhi hiyohiyo walikuwa wamekunywa chai pamoja. Jamani, binadamu!

Tulimkuta ameinamia karatasi, anachora mkato wa joho. Dada aliishia kizingitini. Nikasema mimi, tena kwa sauti ya mtaa mzima kusikia: "Wewe! Unamzikaje mtu uliyekunywa naye chai?"

Chaki ikasimama. Hakuinua macho.

"Wao ndio waliosema amekufa," akasema. "Mimi niliitikia tu."