Nilikula Firigisi ya Baba Mdogo, Nikakosa Mke

Wacha niseme ukweli kabla sijaanza kutafuta visingizio: mjinga hapa ni mimi. Si mama, si shetani, si marafiki wabaya. Ni mimi, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, mwenye ndevu tisa na chumba cha kupanga mjini Kakamega.

Hicho chumba ndicho kilichoniharibu kichwa. Nilipopata kazi ya kuuza mabati na misumari dukani, nikanunua mtungi wa gesi, pazia na kiti kimoja cha sofa. Kimoja tu, jamani! Lakini nikikikalia nilijiona chifu. Nikaanza kuongea polepole. Nikaanza kukohoa kabla ya kusema jambo, kama wazee. Nilidhani ukubwa ni hayo.

Kwetu ni Musanda. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, na ndugu yake mdogo ndiye aliyenilea. Ndiye aliyekuja shuleni kila nilipoambiwa nilete mzazi, na niliambiwanga sana. Nilipotahiriwa ni yeye aliyesimama nami. Mimi humwita Baba, basi.

Jumapili moja nikampeleka msichana wangu nyumbani aonwe na mama. Nitamwita Nanzala, ingawa si jina lake, kwa sababu nimemwaibisha vya kutosha.

Mama akachinja jogoo. Kwetu ingokho, yaani kuku, ikipikwa, firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa boma. Hata mtoto anayetambaa anajua. Mama akaweka bakuli mezani, firigisi juu, upande wa Baba. Yeye alikuwa ametoka tu kwenye miwa, gambuti ameziacha mlangoni, ananawa mikono.

Nikanyoosha mkono nikaichukua. Nikaiuma!

“Usijali, Baba,” nikasema nikitafuna, jicho kwa Nanzala. “Siku hizi mwenye mshahara ndiye mwenye boma.”

Woi! Nikikumbuka hayo maneno natamani kujizaba kofi, na kuna siku nimejizaba.

“Kula, mwanangu,” Baba akasema. Akamega obusuma, ugali wetu, mara mbili, akamshukuru mama, akasema anaenda kuangalia ng’ombe. Ng’ombe walikuwa wamefungwa hapo nje, sote tunawaona. Mama hakunigombeza, aliinamisha kichwa tu. Tukirudi mjini Nanzala akaniuliza, “Kwani njaa yako ilikuwa ya wapi?” Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Miezi miwili baadaye ukafika wakati wa kupeleka posa kwao, karibu na Khayega. Nikampigia Baba simu aongoze wazee. Akanijibu kwa upole, “Mwenye boma ndiye husema. Nenda useme.”

“Nenda umwombe msamaha kwanza,” mama akanisihi. “Hiyo safari haiendekangi bila yeye.”

“Mama, dunia imebadilika,” nikamwambia. Dunia gani! Ni mimi nilikuwa nimeharibika.

Nikawachukua marafiki wawili wa dukani. Mmoja alivaa suti ya kakake, mikono inafika kwenye kucha. Tukaingia watatu, na ukijumlisha miaka yetu yote hatukufika umri wa babu yake Nanzala.

“Karibuni,” akasema huyo babu. “Msemaji wenu ni nani?”

“Ni mimi.”

“Na anayeoa?”

“Pia ni mimi.”

Kina mama jikoni walicheka hadi sufuria ikaanguka.

Wakaniuliza ukoo wa baba, nikajibu. Wa mama, nikajibu. Kisha babu akauliza, “Na nyanya yako, aliyemzaa baba yako, alitokanga ukoo gani?”

Nikakwama. Nyanya alikufa kabla sijazaliwa na sikuwahi kuuliza habari zake. Baba angejibu huku anakunywa chai. Mimi nikatoa jasho, marafiki zangu wakaangalia mabati ya paa. Leo najua huulizwa hadi ukoo wa nyanya ili watu wa damu moja wasioane. Siku hiyo nilidhani wazee wanapiga gumzo. Nikaona aibu kunyamaza, nikaamua kuwafurahisha.

“Alitoka ukoo wenu huu huu!” nikasema kwa tabasamu. “Sisi ni watu wa nyumba moja!”

Babu akaweka kikombe chini.

“Basi huyu msichana ni dada yako. Hapa hakuna ndoa.”

Shangazi akamshika Nanzala mkono, akamrudisha jikoni. Nikalia kwamba nimekosea, simjui nyanya, nimetunga. Mzee mmoja akaniuliza, “Ulidanganya saa ile ama unadanganya saa hii?” Hata chai hatukumaliza.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Musanda. Nilimpata Baba akipalilia miwa. Nikapiga magoti kwenye matope, nikalia, kamasi na yote. Nikamwambia kila kitu. Nilipofika kwenye suti ya rafiki yangu, aligeuka nisimwone akicheka.

Kisha akasema, “Sikuumia kwa sababu ya nyama. Uliniumiza kwa kunipima na mshahara wako mbele ya mgeni. Mimi nimekuwa baba yako bila mshahara.”

Hakuna kofi linauma hivyo, wallahi.

Akanipa jembe. Tukipalilia akanieleza nyanya alitoka Samia, ukoo wake, alivyoolewa na kwa nini alipenda ugomvi. Hakuhusiana kabisa na watu wa Khayega. Wiki hiyo hiyo Baba akavaa koti lake, akaenda kwao Nanzala na wazee wawili kunisafisha.

“Wamekubali,” akaniambia aliporudi. Nikaruka juu! “Ngoja kwanza. Msichana anataka kuongea na wewe.”

Nanzala hakupiga kelele. Heri angepiga.

“Ulikuwa tayari kunifanya dada yako, ili tu usionekane hujui kitu,” akasema. “Siku mtoto wetu akiwa mgonjwa na hujui la kufanya, utanidanganya nini?”

Siku hiyo sikutunga jibu. Akaenda. Nilimpenda yule msichana, na bado nampenda.

Mwaka umepita. Jumamosi naenda nyumbani, na Baba akiitwa kwenye posa za watu ananichukua. Nakaa nyuma, nambebea mwavuli, nasikiliza. Juzi mzee mmoja aliniuliza jambo, nikasema, “Sijui, wacha nimuulize Baba.” Hakuna aliyecheka. Aki nilijisikia mkubwa, na sikuwa nimekohoa hata kidogo!

Wewe kijana uliyepata ufunguo wa chumba jana, nisikie. Waulize wazee wako mambo ya kwenu wakiwa hai. Mahali pao pa kukaa, usipachukue. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hutakufa.

Nanzala anaolewa Desemba. Nimeambiwa mchumba wake naye aliulizwa nyanya yake alitoka ukoo gani. Akasema hajui, akaomba wamngoje amuulize babake. Wakamngoja.