Nilisema Njia, Akasikia Pacha

Mimi ni fundi wa mitandao, na neno pacha silitumii tena kazini. Kwa mteja nasema "njia mbili," naishia hapo hapo. Wenzangu wananicheka, wacha wacheke.

Lilinitoka Kariakoo, kwenye studio ya video za harusi iliyo juu ya maduka ya vitenge, karibu na Msimbazi. Mwenye studio alikuwa dada wa makamo, mpole, asiyependa kuulizwaulizwa. Video zake zote zilikaa kwenye kabati la diski chumba cha nyuma, na seva ya mbele ilizifikia kwa waya mmoja tu. Panya akautafuna. Video ya harusi ya watu ikakwama, bibi harusi akapiga simu analia, ndipo nikaitwa.

"Nitakuwekea njia pacha," nilimwambia. "Waya mmoja ukikatika, seva inapita kwenye mwingine. Wewe hata hujui kama kuna kilichotokea."

"Pacha," akarudia taratibu, kisha akaenda kunichemshia chai.

Nikavuta waya wa pili, nikafunga na swichi ya pili ya mtandao. Sasa, seva ni kitu kijinga. Ukiifikishia diski moja kwa njia mbili, inadhani zimekuja diski mbili, mpaka uiwekee programu ya kuziunganisha hizo njia. Kabla ya kuziunganisha nilitaka kupima kila moja peke yake, kwa hiyo nikaifungua diski ile mara mbili kwenye skrini. Palihitajika majina. Nikaandika Kulwa na Doto. Utani tu, maana Bongo nzima mapacha ndiyo majina yao.

Alipoleta chai aliyatazama yale majina kwa muda mrefu.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini, dada?"

Akaniwekea chai mezani. Adhana ikaita, nikashuka kwenda msikitini.

Huku nyuma ikaletwa kamera ya harusi ya jana yake, na diski ya kabatini ilikuwa imejaa. Akafungua Kulwa, akaona video zake zote zimo. Akafungua Doto, zote zimo. Akaamini nimemtengenezea nakala. Basi akafuta za zamani kwenye Doto, akaanza kuingiza ile harusi mpya. Kulwa hakumgusa.

Niliporudi akaniambia kwa furaha kwamba amepunguza mzigo. Nikaichomoa ile kamera bila hata kumwomba radhi.

"Dada, hiyo ni diski moja."

"Ziko mbili. Nimeziona."

"Ni moja. Inaonekana mara mbili."

Akakaa juu ya begi la taa. Ndipo akaniambia kwamba yeye ndiye Doto. Yeye na Kulwa wake ndio walioifungua studio hii, na Kulwa ameshazikwa. Video ya mwisho aliyompiga akiwa hai ilikuwa kati ya zile alizofuta. Hajawahi kuiangalia tangu msibani. Alikuwa anausubiri moyo upate nguvu.

Nikafungua Kulwa. Majina ya video yote yalikuwepo bado, yamejipanga. Upande ule habari ya kufutwa ilikuwa haijaufikia, seva ilikuwa inakumbuka mambo ya zamani. Sababu yake naijua, naweza kumweleza mtu yeyote. Lakini mwili ulinisisimka, na mpaka leo unanisisimka. Upande mmoja marehemu ameshaondoka, upande wa pili yupo.

Nikaanza kuihamisha ile video ya Kulwa haraka kwenye diski yangu ya mkononi, nikimwomba Mungu harusi mpya isiwe imeshaandikwa juu yake. Ilipomaliza, dada akasema, "Fungua. Niko tayari."

Sura ilikuwa ile ile ya mtu aliyesimama kando yangu, ila imekonda. Alikuwa amekaa kwenye kiti hiki hiki nilichokalia mimi, anacheka, anamkataza mpiga picha. Kisha akaacha kucheka, akasogea karibu na kamera.

"Doto, nisikilize. Wakinilaza tena, usije ukasahau..."

Vikaingia vigelegele. Matarumbeta, mashangazi wa watu nisiowajua wanacheza na vipepeo vya ukili mikononi. Tukasubiri arudi. Harusi ikaendelea mpaka mwisho wa video.

Jioni niliziunganisha njia. Kulwa na Doto wakatoka kwenye skrini, likabaki jina moja. Nikachomoa waya mmoja kujaribu, picha haikutikisika. Nikaurudisha, nikachomoa wa pili, haikutikisika. Kazi ilikuwa safi kabisa, na nilitamani niipige teke.

Dada alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Chini, wauza vitenge walikuwa wanafunga maduka yao. Akanishika mkono wa shati.

"Fundi, wewe una masikio mazuri. Alisema nisisahau nini?"