Chumba cha Baba Mkwe

Nyumba ile niliichukia tangu ilipokuwa ramani. Mume wangu aliichora kwa penseli juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akaitandaza mezani akaniambia, "Tazama maendeleo." Alikuwa seremala kwenye shamba la mzungu upande wa Nyansiongo, na nyumba ya yule bwana, iliyojificha msituni na madirisha yake ya vioo, ilikuwa imempanda kichwani. Naye alitaka yake iwe hivyo hivyo, kwenye kipande cha msitu kilichobaki juu ya boma letu. Paa moja la mabati, vyumba vinne, sote humo ndani.

Nikamuuliza, "Hiki chumba kilichoshikana na chetu ni cha nani?"

"Cha Baba."

Ebo! Nilidhani anatania. Kwetu Gusii baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse kulala humo, ukuta mmoja tu kati yake na mke wa mwanawe, akisikia kitanda kikilia. Ni aibu inayoleta maradhi. Nilimwambia hivyo. Akasema mimi ni mshamba, mzungu hana mambo hayo.

"Mzungu baba yake yuko ng'ambo!" nikamjibu. "Ndiyo maana nyumba inamtosha."

Hakusikia. Mwanamume akishashika penseli, masikio yake huziba.

Baba mkwe alikuwa mjane, na mimi na yeye tulioneana haya kama inavyotakiwa. Hakunitazama usoni, nami sikupita mbele yake. Neno alilotaka nilisikie alimwambia ng'ombe wake. Siku alipopata habari ya ramani, nilikuwa napalilia wimbi karibu na zizi, nikamsikia: "Ng'ombe wee, umewahi kuona mzee akilala nyuma ya ukuta wa mkamwana wake? Basi mimi siendi."

Nyumba ilipokaribia kwisha, mume wangu alimngoja mzee aende matangani Kenyenya. Mzee alipoondoka tu, akaibomoa nyumba yake ya nyasi. Akachukua nguzo zake ngumu akazitumia kushikilia baraza la nyumba yetu mpya, akasema sasa mzee hana budi. Halafu akarudi kazini. Nilimtukana mpaka akapotea mlimani, na sijutii hata tusi moja.

Mzee akarudi, akakuta majivu ya meko yake yamelowa. Akachukua ngozi yake ya kulalia akaenda kukaa chini ya miti, yeye na ng'ombe, mvua za masika zikimnyeshea. Nilimpelekea uji nikauweka juu ya kisiki nikageuka. Siku ya kwanza aliunywa. Siku ya tatu nikaukuta umejaa nzi, naye anakohoa kikohozi cha kutoka tumboni. Nikajua tutamzika mtu hapa, kwa sababu ya karatasi ya saruji.

Kwetu mwanamke hapandi juu ya paa. Nilijua. Nikatia shoka kiunoni nikapanda.

Nilianza na chumba kile alichochorewa yeye. Mabati sita. Niling'oa misumari kwa shoka, bila adabu, nikiyaangusha chini moja moja kwa kishindo. Hayakutosha, nikahamia kwenye paa la juu ya kitanda chetu. Mzee alipoona mkamwana wake yuko juu ya paa aliugeukia mti, akaukazia macho shina lake. "Ng'ombe," akasema huku akikohoa, "leo nimekuwa kipofu." Nilicheka huko juu na machozi yakinitoka.

Niliposhuka na kuingia jikoni, alikuja akayaburuta mabati. Nikitoka kumwekea miti, yeye alikwenda zizini. Hivyo hivyo, yeye akija mimi nikienda, mpaka alasiri akawa na kibanda chenye paa, na moto ndani yake.

Ijumaa mume wangu akarudi. Alisimama chumbani mwetu akitazama mbingu.

"Umeiharibu ramani yangu!"

"Mabati yako yale pale, baba yako yuko chini yake. Nenda ukamvue wewe."

Akaenda kweli, kwa hasira, nyundo mkononi. Nilimfuata kwa macho. Alifika mlangoni mwa kibanda akasikia kile kikohozi. Akaichomeka nyundo kiunoni, akarudi. Hakuniomba msamaha. Mpaka leo hajaniomba.

Mzee aliishi kibandani miaka mingine minne, akafa mkavu, katika nyumba yake mwenyewe. Tulipomaliza kumlilia, mume wangu aliyarudisha mabati juu ya nyumba, akayapigilia vizuri, fundi mzima. Lakini matundu niliyoyapanua kwa shoka yalimshinda. Amepaka lami, ametia matambara, wapi!

Siku ya Sabato, tukitoka kanisani, yeye hupenda kujilaza mchana. Mvua zetu huja saa hiyo hiyo. Tone la kwanza huangukia ukingo wa mto wake, la pili sikioni. Mimi nimeketi upande mkavu, nakunywa uji wangu, na sijamwamsha hata siku moja.