Kungoja Kuhesabiwa

Januari 2008, katika vita vya baada ya uchaguzi, tulipoteza nyumba, ng'ombe wawili na mahindi yote yaliyokuwa ghalani, hapa Naitiri. Mama nilimpoteza mwezi wa tano. Hakuuawa na vita, na sitaki kuandika kwamba aliuawa.

Asubuhi ile tulikuwa uani tukipukuchua mahindi. Mama alinilaumu kwa kuacha punje kwenye magunzi. "Unalisha panya," alisema. Kisha tukaona moshi kwa jirani wa chini.

Mama hakuweza kukimbia. Magoti.

Mama Nekesa, jirani yetu ambaye watu wa kabila lake hawakuwa wakitafutwa, alimwingiza kwake akamfunika kwa magunia.

"Mtu mzee wataacha," aliniambia. "Wewe, hapana. Enda!"

Nikaenda.

Kambi ilikuwa Kitale. Tulipewa hema, blanketi, unga na maharagwe. Kufikia mwezi wa nne barabara ilikuwa imetulia, nami ningeweza kufika Naitiri na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini tulikuwa tumeambiwa kwamba unga wa msaada unakwisha, na sasa tutajengewa nyumba za mabati kwenye mashamba yetu. Nilijiandikisha, nikamwandikisha na mama aliyebaki Naitiri. Wangekuja kuhesabu hema kwa hema, siku hawakuitaja. Mwenye hema asipopatikana, jina lake lingefutwa.

"Ukiitwa ukiwa choo, umekufa bana," alisema mzee wa hema la pili, tukacheka. Lakini hata chooni tulikwenda mbio.

Mama Nekesa alipiga simu.

"Wambui, mama yako amekataa chakula. Ati kila asubuhi anauliza kama umefika."

"Nakuja, Mama Nekesa. Nangoja kuhesabiwa."

"Bado? Si hata ng'ombe wanahesabiwa jioni moja wanaisha?"

Nilijiambia kwamba namtafutia mama paa, na ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba niliitaka ile nyumba, na niliogopa kuikosa kuliko nilivyoogopa ugonjwa wake.

Wiki tatu nilikaa mlangoni pa hema. Watu wa kuhesabu walifika Alhamisi. Niliitikia jina, kadi ikapigwa muhuri, nikaenda stendi nikiwa bado nimeishika mkononi.

Naitiri, Mama Nekesa aliniona kwa mbali akaja kunipokea njiani, leso kiunoni.

"Tumemzika jana," alisema. "Tulikungoja siku mbili. Mochari hatungeweza kulipa. Na simu yako imezimwa."

Simu ilikuwa imeisha chaji. Pa kuchajia palikuwa nje ya lango la kambi, na sikuwa nimetoka nje ya lango.

Alikuwa amezikwa kwetu, nyuma ya nyumba iliyoungua.

Nyumba mpya ilijengwa mwaka huo huo. Ni nyumba nzuri, haivuji, na ninaishi humo mpaka leo. Sijafukuzwa tena. Wengine tuliokuwa nao kambini hawakupata hata hiyo, kwa hiyo silalamiki.

Ilipokwisha kuezekwa, afisa alikuja kuikagua akiwa na fomu.

"Hapa imeandikwa watu wawili," alisema. "Huyu mwingine ako wapi?"

Nilimpeleka nyuma. Alivua kofia. Kisha akaikata ile mbili, akaandika moja, akanipa kalamu nitie sahihi.

Nikatia.