Midomo ya Mjane Niliyoipaka Rangi

Iko siku moja siisahau, mwanangu, na nikiikumbuka damu inanichemka hadi leo. Nilikuwa kijana, nafanya kazi katika studio ya picha hapa mtaani Makomeno, kwa Papa Kalenga. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mteja akitaka urembo, mimi ndiye niliyeipaka picha yake rangi kwa brashi ndogo. Nilijiona fundi kweli kweli!

Akaja Mama Ngoy, mjane wa mfanyakazi wa reli, bado yuko katika matanga, kichwa kimenyolewa. Alitaka picha ya kuwapelekea wakwe zake kaskazini. Uso wake ulinitia huruma. Basi, bila kuulizwa, nikampaka mashavu na midomo pale pichani, rangi nyekundu kama pilipili, nikaitia picha katika bahasha, naye akaituma bila kuifungua.

Baada ya wiki chache akarudi analia.

"Njo weye ulinipakala rouge ku kinywa? Bakwe banasema niko natafuta bwana mupya, na kaburi ya bwana yangu haiyakauka! Balibeba batoto bangu!"

"Mama, nilitaka tu uonekane muzuri," nikajitetea.

Papa Kalenga akapiga meza. "Muzuri kwa nani? Sura yake ilikuwa na kilio, weye ulikitosha, ulikifuta. Nani alikutuma?"

Siku hiyohiyo akaichapa ile picha upya kutoka kwenye filamu, bila rangi, akanipandisha treni pamoja na yule mama. Mbele ya wakwe nilipiga magoti, nikakiri. Baba mkwe aliitazama ile nyeusi na nyeupe, akayaona macho yaliyovimba, naye akalia. Watoto wakarudishwa. Lakini matusi aliyotukanwa Mama Ngoy mbele ya kijiji kizima, nani aliyafuta? Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa jana nimeona simu yako. Picha ya marehemu mama yangu umeitia rangi, umemfanya mweupe, tena umemchekesha! Mama hakucheka siku ile alipopigwa picha, mwanangu. Alikuwa ametoka kumzika kaka yangu. Nimekasirika, na sifichi.

Sikiliza basi. Picha nyeusi na nyeupe haiombi huruma yako. Inamwachia mtu uso wake. Kizuri chajiuza. Ukitaka kuongeza kitu, kwanza uliza sisi wazee, tungali hai. Na asipokuwepo wa kukujibu, zuia mkono wako. Hiyo ya mama uifute leo.

Mungu akujalie macho ya kuwaona watu kama walivyo, na akupe wajukuu watakaouheshimu uso wako utakapokuwa huwezi tena kujitetea.