Kopo dirishani kwa mwanangu

Mashoga zangu, leo nimemtukana mtu aliyenitendea wema.

Nimeamka nikaona kopo dirishani, pale anapolala mwanangu. Ndani mna kijimea chekundu, majani yamejaa matone kama umande, na nzi wamenasa, wamekufa.

Nikasema huu uchawi. Kwa mtoto sina mzaha!

Nikalitupa uani, nikapiga kelele mtaa wetu mzima wa Madungu usikie: "Mchawi aje achukue chake!"

Akaja jirani, Bi Shirini, mke wa mwenye duka.

"Ni changu, mwanangu. Kaka yangu alikitoa kileleni mwa mlima, huko bara. Kinakula nzi. Jana ulipitiwa na usingizi, nzi wamemjaa mtoto machoni, ndiyo nikakiweka hapo dirishani."

Nikapiga magoti, nikauzoa kwa mikono udongo uliomwagika koponi.

Akauliza tu, "Mtoto keshanyonya?"

Nyie mngemjibu nini?